Zero Iliyotoka ku Robine

Mutoto wangu, ile siku yaya yangu, dada yangu mukubwa, alininywesha maji mbele ya kambi nzima naikumbuka vizuri kuliko siku ya ndoa yangu. Ilikuwa wakati wa vita, hapa hapa Bunia. Nasikia unaanza kazi ya labo, ya kupima vitu, na mashine zenu zinajitayarisha zenyewe asubuhi, weye ni kukaa tu. Basi kaa kidogo na miye kwanza.

Miye sikusoma sana, nilifika primeri ya ine, basi. Wanaume waliochoma nyumba yetu upande wa Djugu ninawajua kwa majina. Mumoja anauza misumari kule Mudzipela, na akiniona ananiita ndugu. Ninanunua misumari kwingine. Tulipokimbilia huku, yaya Eliza, mukubwa wangu, alipata hema ya plastiki kambini. Miye nikapata kazi ya kuosha chupa mu labo ndogo ya maji, nyumba ya kupanga mu mutaa wa Bigo. Tulikuwa tunapima klore, dawa ya kuua mikrobi, mbele maji hayajapelekwa kambini. Ikipunguka, kolera inaingia. Ikizidi, hakuna mutu anakunywa.

Mupimaji wetu alikuwa Muzee Ezekieli. Kila asubuhi alichukua maji ya batri, yale ya mvuke, hayana kitu ndani. Wenye magari wanayatia mu batri zao. Aliyanusa, akayaonja na ncha ya ulimi, akatia dawa ya kupimia. Yakibaki meupe, hapo ndiyo zero. Maji yenye klore yanageuka pinki, na pinki ikikolea, klore iko mingi. Saa nzima anapanga vyombo vyake kama padri anayepanga altare. Siye vijana tulimucheka.

Kisha mashine ikafika. Unabonyeza buto, inavuta yenyewe maji ku bidoni, dumu la maji ya batri, inatia dawa, inajiwekea zero, inalia pi! Taa ya kijani inawaka. Dakika mbili. Gaspard, chef wetu, mukubwa wa labo (jina ndilo hilo, silifichi), akamuambia muzee:

— Papa, pumuzika sasa. Hii haitaki ulimi wa mutu.

— Ni sawa, chef. Lakini yenyewe inajua namna gani kama maji iko safi?

— Imetoka Ulaya, papa!

Tukacheka wote. Miye nilicheka kupita Gaspard mwenyewe, ili anione.

Juma moja haikuisha, Gaspard akamwaga maji yetu ya batri mu jeep yake. Maji ingine ya batri ilikuwa ingali Mahagi, na barabara imefungwa juu ya vita. Akaniambia: «Jaza bidoni ku robine. Maji ni maji.» Nikajaza. Sikumuambia Muzee Ezekieli. Kosa ni la Gaspard, lakini mukono ulioshika bidoni ni wangu. Ukiandika majina ya wenye makosa, anza na langu, Dieudonné.

Maana robine ile, bomba ya labo, ilitoka ku tanki ileile tuliyokuwa tunatia klore. Mashine ikavuta maji yenye klore, ikaona pinki, ikasema hii ndiyo zero. Pi! Ikapima tanki: klore hakuna. Gaspard akaamuru tuongeze. Kesho yake nikajaza bidoni tena ku robine, sasa iko kali zaidi, mashine ikajiwekea zero ingine. Klore hakuna. Ongeza! Siku tatu, mutoto wangu. Kila asubuhi taa ya kijani, na siye tunapiga mikono.

Siku ya ine nikaenda na kamyo ya maji kambini. Wamama wananipa mugongo, wanaelekea kijitoni na ndoo zao. Kijito kile kinapita chini ya vyoo. Wa kwanza ni yaya Eliza, na Sifa, kitinda mimba wake, ku mugongo.

— Yaya, unaenda wapi? Maji iko hapa!

— Ile ya kufulia nguo?

— Imepimwa na mashine!

— Basi mashine ikunywe.

Wamama wakaangua kicheko. Yaya akarudi, akajaza kopo mpaka juu, akanipa kwa mikono mbili, na heshima yote. Unajua desturi yetu: anayeleta kinywaji anaonja yeye kwanza, watu waone hakutia sumu.

— Kunywa kwanza weye, Dieudo. Yote.

Nikanywa. Ee, mutoto wangu! Koo ilishika moto, machozi yakatoka, nikakohoa mpaka kofia ikaanguka.

— Tazameni, anaanza kuwa mweupe! mama mumoja akapiga kelele.

— Mumuanike ku kamba! mwingine akajibu.

Hata Sifa alicheka. Yaya hakucheka. Akanisogelea, akasema pole pole: «Nilizika mutoto mumoja njiani tukikimbia. Huyu nimupe maji gani, ya kijito ao ya kwako?»

Nikamuomba angoje mpaka jioni. Sikwenda kwa Gaspard, nilikwenda kwa Muzee Ezekieli, nikamuambia yote. Alinusa bidoni, akaifunga.

— Mashine haikudanganya mutu, akasema. Ni weye uliidanganya asubuhi, yenyewe ikakuamini siku nzima. Na ulinicheka juu ya ulimi wangu. Haya, toa wako tuone kama ungali mu kinywa.

Nikautoa! Naye akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha tukachemsha birika muda mrefu, tukakusanya mvuke ku sahani baridi, tone kwa tone. Mashine ikajiwekea zero ya kweli, ikapima tanki, namba ikaruka mpaka muzee akafanya alama ya musalaba. Gaspard akaingia akiuliza nani aligusa bidoni.

— Ni miye nilijaza, chef. Na ni weye uliamuru.

Akageuka, akatoka. Mu raporo aliandika kwamba mashine ilikuwa mbovu, na hakuna aliyemuuliza kitu mpaka leo. Tulipunguza tanki, tukatia maji mapya, tukapima mara tatu. Jioni nilikunywa kopo kambini mbele ya wote. Yaya akaonja, akamupa Sifa. Wamama wakamwaga ndoo za kijito.

Kwa hiyo, mutoto wangu, mashine ikisema iko tayari, uliza ilijitayarisha na nini, na nani alijaza bidoni. Usione haya kunusa. Na mukubwa akikuamuru ubaya, kataa. Ukishindwa kukataa, sema siku ileile, usingoje watu wakunywe. Mungu abariki mikono yako na kazi yako. Akulinde na wakubwa kama Gaspard, na akikupimia mumoja wao, akupe kinywa cha kumujibu.