Bi Geuka na Madarasa Yake Mawili

Shangazi yangu ni mwalimu, watoto wanamwita Bi Geuka, na hilo jina kalitolea jasho. Chumba kimoja, ubao mbele, ubao nyuma. Darasa la pili wanatazama huku, la tatu wanatazama kule, wamepeana migongo kama watu walionuniana. Yeye katikati na chaki yake. Akimaliza kujumlisha na la pili anajiamrisha kwa sauti, "Haya, geuka!" Anageuka, anaanza kugawanya na la tatu. Akirudi nyumbani shingo imekaza, ananiita nimkande.

Muulize mwalimu mkuu kwa nini madarasa yamechanganywa. Atakwambia ni "mbinu shirikishi", mkubwa anamvuta mdogo. Mbinu gani, bwana! Mwalimu wa la tatu alihamishwa, hakuletwa mwingine. Basi. Wangesema hivyo tungeelewana, lakini hawa watu kitu kikiwashinda lazima wakipe jina tamu.

Kwa hiyo aliposikia afisa elimu anakuja kukagua, shangazi alifurahi. Alikuwa na ombi moja tu: mwalimu wa pili. Siku hiyo na mimi nilikuwepo, nagongelea madawati misumari.

Afisa kaingia, viatu vinang'aa, kasimama upande wa la tatu. "Kumi na nane gawanya kwa tatu?"

La tatu wakainamia vidole kuhesabu. Mara kule nyuma katoto kamoja, hata hakajageuka, kakaropoka: "Sita!"

"Wewe wa darasa gani?"

"La pili, shikamoo."

Chumba kizima kicheko. Kumbe mwaka mzima kanasomea mgongoni.

Afisa akapiga makofi. "Hongera, mwalimu! Hii ndiyo mbinu!"

"Mheshimiwa, huyo mmoja," shangazi akasema. "Wengine wanasikia yote mawili na hawashiki hata moja. Jana mtu kaniandikia paka gawanya kwa mbwa. Naomba mwalimu."

"Wa nini tena, mama, na watoto wanajifundisha wenyewe?"

Nikashindwa kujizuia. "Mkubwa, na wa kwako wanasoma hivihivi, kupeana migongo?"

"Huyu fundi nani kamruhusu kuongea?"

"Mtoto wa kaka yangu," shangazi akasema. "Na jibu lake hata mimi nalisubiri."

Afisa akakohoa, akaangalia saa, akatoka.

Jibu la lile ombi lililetwa baadaye na mwalimu mkuu, anatabasamu meno yote. Eti kwa vile mbinu imefanya vizuri, la nne nao waingie humohumo. Mwalimu wao anahitajika kwingine.

"Watatazama wapi?" shangazi akauliza. "Kuta zimebaki mbili, huu una madirisha, ule una mlango."

"Tutafute mbinu, mwalimu."

Shangazi akampa chaki. "Haya, nionyeshe."

Mkuu akaishika kama kashikishwa nyoka, akaiweka mezani polepole. Akakumbuka ana kikao.

La nne sasa wanatazama mlango.