Padri Hakuingia Bomani

Tarehe nne Agosti mwaka jana nilimpoteza mume wangu. Alianguka kazini, katika kiwanda kimoja mtaani Baba Dogo, Nairobi, akafa kabla ya kufikishwa hospitali.

Mume wangu alikuwa Mkatoliki. Alibatizwa akiwa mtu mzima, tulipooana. Baba yake ni mzee wa kanisa la Kiprotestanti huko magharibi mwa Kenya, na padri hajawahi kukanyaga boma lake. Baada ya ubatizo huo mzee alikaa mwaka mzima bila kumsemesha mwanawe. Hata hivyo kila Disemba tulienda nyumbani. Mume wangu alitengeneza mabenchi ya kanisa la baba yake. Jumapili alimbebea mzee Biblia mpaka mlangoni, kisha akamsubiri nje juani hadi ibada iishe. Nilipomwambia anajiaibisha, alicheka.

Alikuwa na kitabu cha historia kisicho na jalada, alichokinunua kando ya barabara. Humo alisoma habari za Wakatoliki wa Uingereza, zamani sana, waliotawaliwa na mfalme Mprotestanti. Mfalme aliwataka wale kiapo cha utii. Papa akawakataza. Wako waliokula kiapo hata hivyo, kwa kuwa mfalme ni mfalme wao, lakini kanisani kwake wakakataa kwenda, wakatozwa faini.

"Hao ni ndugu zangu," aliniambia. "Mzee ni mfalme wangu. Anitume popote. Kusali tu ndiko aniachie."

Mimi niliishia darasa la nane, na mengi ya kitabu hicho sikuyaelewa. Hilo la mwisho nililielewa.

Baba mkwe alikuja Nairobi kwa matanga. Kwao mke wa mwana hampi baba mkwe mkono, kwa hiyo nilimwamkia kutoka mlango wa jikoni. Alijibu, kisha akasema mbele ya wote, "Mwanangu nitamzika mimi. Padri hataingia kwangu."

Jikoni akina mama wa jumuiya yetu waliwaka.

"Dada, wewe ndiye mjane! Twende na padri wetu, mzee apende asipende."

"Akifunga geti?" nikauliza.

"Tutaimbia barabarani. Majirani wake nao wapate misa ya bure!"

Walicheka, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu afe. Lakini nilijua mume wangu hangekubali baba yake aaibishwe getini kwake. Nikamtuma shemeji akamwambie mzee kwamba ninatii. Misa isomwe hapa mtaani, mazishi yawe yake.

"Hapa ni kwenu," mzee akajibu. Siku ya misa alibaki nyumbani kwetu, peke yake.

Kule magharibi jeneza lilifunguliwa uani ili watu wamuage. Mochari nilikuwa nimemzungushia rozari yake vidoleni, bila kumuuliza mtu. Mzee aliiona. Mchungaji aliyesimama kando yake akanyoosha mkono aitoe.

"Baba," nikasema, na sauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka, "ni yake."

Mzee alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Kisha akaushika mkono wa mchungaji, akaushusha.

"Fungeni," akasema.

Wakamzika kwa nyimbo zao. Hakuna aliyenyunyiza maji ya baraka, hakuna aliyefanya ishara ya msalaba ila mimi na binti yangu. Nilijaribu kusali sala za wafu peke yangu, nikazisahau katikati.

Watu walipoanza kwenda kula, mzee alikuja karibu na kiti changu, akasimama mbali kidogo kama inavyotakiwa.

"Mama, umeridhika?"

Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa amechoka, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Hapana, baba. Sijaridhika."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuwaaga wachungaji wake.