Sisi Wenyewe, Bila Mama Kon

Achol alikuwa mtu wa kusikiliza kuliko kusema. Pale blokini kwao, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma Wani, akina mama walipokaa kusukana nywele yeye ndiye aliyepakatishwa watoto wa wengine, na wengi walimjua kwa jina la mwanawe tu, Mama Kon. Alimaliza darasa la nane akaishia hapo. Kiswahili chake kilikuwa kizuri zaidi kwenye maandishi kuliko kinywani, kwa sababu kinywani aliona haya, na kwenye simu ile haya haikumfuata. Kwa hiyo Nelly alipofungua kikundi cha Fesibuku, Achol alijiona kama mtu aliyekaribishwa kivulini baada ya kutembea jua la saa saba.

Kikundi kilizaliwa Lodwar mwaka wa 2012, kwenye semina ya akina mama wanaonyonyesha. Waliotoka kambini walipewa karatasi za ruhusa ya kusafiri, wakalala katika hosteli ya Nawoitorong pamoja na wenyeji, Waturkana wa Lodwar na wa Kakuma mjini, kila mmoja na kichanga chake. Mchana walifundishwa uji wa lishe. Jioni walifundishana wenyewe: kumlaza mtoto joto likizidi, kuvalisha shanga, kutukanana kidogo kwa lugha za wenzao. Nelly alikuwa mtu wa saluni, mwenye simu kubwa kuliko wote na mdomo wa kutosha hiyo simu. Kabla hawajaagana alikuwa ameshawaandikisha wote, na kikundi akakiita Maziwa ya Mama.

Mumewe Achol, Madut, alikuwa amerudi Sudan Kusini kutafuta riziki. Aliendesha lori la saruji kati ya Juba na Kapoeta, na ahadi yake ilikuwa kwamba Kon akianza kutembea atakuja kuwachukua. Achol aliishi juu ya ahadi hiyo. Kila Madut alipopiga simu, habari zilifika kikundini kabla ya jioni: amesema hivi, amefika pale, ameuliza mtoto ana meno mangapi. Kwa simu ya jirani yake, Agot, alibandika picha za Madut akiegemea gurudumu. Simu yake mwenyewe ilikuwa ya kubonyeza, na aliingia kwa ile Fesibuku ya bure, ya maandishi matupu, isiyofungua picha.

Wenzake walimtania wasimwache. Akidor, Mturkana muuza mkaa wa Kakuma mjini, aliandika: "Huyu mwanaume ni mrefu hivi, akilala miguu inabaki Uganda?" Nelly naye akaomba waachiwe na wao waangalie kidogo, hawatamla. Achol alicheka peke yake mbele ya moto, mtoto mgongoni, akahisi ana dada wengi.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata simu ya Madut ikawa haipatikani. Mwanzoni hakushtuka, maana njia ile ina sehemu ndefu zisizo na mtandao. Wiki zilipozidi akauliza kikundini kama kuna mwenye ndugu Kapoeta. Zamani swali kama hilo lingejibiwa kabla uji haujachemka. Safari hii halikujibiwa na mtu.

Hapo ndipo alipoanza kuviangalia vile vitone vya kijani, vinavyoonyesha nani yuko hewani. Nelly alikuwa na kitone. Akidor alikuwa nacho. Agot, ambaye Achol aliweza kumsikia akikohoa ng'ambo ya uzio, alikuwa nacho. Wote walikuwa macho saa ile ile, vidole vyao kazini, na Maziwa ya Mama palikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumanne. Wanaandikia wapi?

Kisha zikaja nusu maneno. Akidor aliweka picha, akaeleza kwamba ni binti yake amepakwa mafuta, Nelly akaandika chini yake, "Kama yule wa jana," na watatu wakacheka hapo hapo. Achol akauliza, yule wa jana gani? Hakuna aliyemwambia. Siku nyingine aliwakuta bombani wameinamia simu moja, mabega yakitetemeka, Agot ameziba mdomo kwa kanga. Walipomwona, simu iliingia kifuani. Agot akasema ni vichekesho vya watoto tu, akamchukua Kon mikononi mwake, akamkumbatia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Basi Achol akajua kwamba ndani ya kikundi kuna kikundi, na kwamba yeye hayumo. Alitafuta kosa lake kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Je, ni ile siku alipobishana na mtu juu ya mtungi? Je, ni kwa sababu hakwenda kumtembelea mzazi mwenzao? Alizigeuza siku zake zote, na mwisho akasimama kwa Madut. Mumewe Akidor alikwenda Kerio kuvua samaki akaoa huko huko. Nelly alilea peke yake. Na yeye, mwaka mzima, alikuwa akiwapakia mume wake machoni: Madut amesema, Madut atakuja. Kumbe alikuwa akiwachokonoa vidonda. Nani asingemchoka?

Akaanza kufuta. Alifuta habari ya meno, akafuta habari ya safari, akazifuta zile picha za gurudumu, moja baada ya nyingine, pamoja na utani wote uliokuwa chini yake. Halafu akaandika kuomba radhi kwa dada zake ikiwa aliwahi kuringa, na kwamba hataandika tena habari za mume. Alipata laiki moja, ya mama wa Lodwar ambaye hata hakumkumbuka sura. Jioni ile Agot alimletea sukari kwenye karatasi, akakaa mkekani hadi giza likaingia, akaenda zake.

Mvua za mwezi wa nne zilikuwa zimekuja na kupita, laga, ile mito ya msimu, zikajaa, barabara zikakatika, zikafunguka tena. Madut hakupatikana. Achol sasa aliomba vitu viwili, na aliona aibu kwamba hakujua kipi anakiomba zaidi: mume apige simu, au wanawake wamrudishe. Maana akiwa na hao wanawake angeweza kungoja. Kungoja peke yake kulimtafuna. Akampigia Nelly, akakata, akangoja apigiwe. Nelly akapiga, nyuma yake mashine za saluni zikiunguruma.

"Ejok, Mama Kon. Kon hajambo?"

"Mzima. Nelly, niingize na mimi kwa kile kikundi kingine."

"Kikundi gani, sista?"

"Hicho mnachekea."

Mashine zikaunguruma. Nelly alipoongea tena alikuwa ametoka nje, sauti imeshuka. "Ngoja kidogo. Si kwa ubaya. Kuna kitu kwanza kiishe, halafu utaingia. Haki ya Mungu sisi tunakupenda wewe kuliko wote."

Achol alishukuru, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. Lakini usiku na mchana aliyachambua maneno yale asiyaelewe. Kama anapendwa kuliko wote, mbona ndiye yuko nje?

Aliyemfungulia ni Abang, msichana wa bloki ya pili aliyejifungua karibuni. Agot alikuwa amemwingiza katika kile kikundi kingine kwa sababu anajua kuchekesha. Walikutana kwenye foleni ya resheni ya chakula, Abang akauona uso wa Achol ulivyopungua, akauliza, na Achol kwa mara ya kwanza akasema. Abang akatema mate pembeni. "Hawa mama wanajifanya tu. Mimi nimeingia juzi. Hakuna siri huko, ni vichekesho na waume. Ngoja." Akabonyeza, akabonyeza tena. "Haya, umeingia. Wakiuliza, sema ni mimi."

Moyo wa Achol ulipiga kama wa mtu anayekwenda harusini. Alikaa juu ya gunia lake tupu, Kon akinyonya, akafungua. Kikundi kiliitwa Sisi Wenyewe.

Alianza juu, kwa mambo ya karibuni, akashuka. Kulikuwa na kisa cha kuku wa Akidor aliyeingia kanisani. Kulikuwa na maneno juu ya sketi ya mtu. Mama mmoja, Nyagoa, alikuwa ameomba kuingizwa, na Nelly akaandika, "Tusijaze. Tubaki sisi tu, ndiyo utamu." Achol akatabasamu, kwa kuwa sasa na yeye alikuwa katika hao sisi. Akashuka zaidi. Mtu aliandika, "Amefuta picha zote za Madut. Amejua?" Mwingine akajibu, "Hajui. Amekasirika tu." Kisha wakarudi kwenye mambo ya nywele.

Tabasamu likamkauka. Aliendelea kushuka. Kulikuwa na mstari ambao simu iliuandika yenyewe: Nelly amebadilisha jina la kikundi kutoka Habari ya Achol kuwa Sisi Wenyewe. Chini yake, Wal, kaka yake Madut aliyeko Eldoret, hawezi kuja, laga zimejaa. Chini zaidi, Wal anasema uchaguzi upite kwanza. Chini zaidi, Nelly anauliza nani atamshika mtoto wakati mama anaambiwa, na Akidor anajibu, "Mimi. Na maziwa ya mbuzi nitaleta, ya kwake yasije yakakatika."

Chini kabisa, mwezi wa pili, Agot aliandika hivi:

"Dada zangu. Lori la Madut lilipinduka njia ya Kapoeta. Wamemzika huko huko. Mimi siwezi kumwambia peke yangu, ananyonyesha, na kwetu mama kama huyo haambiwi kwa simu, anaambiwa na watu wa mume, asubuhi, amekaa. Nelly amefungua hapa ili tupange. Tafadhali isitoke humu."

Chini ya maneno hayo palikuwa na picha, ambayo simu yake haikuifungua. Foleni ilisogea. Aliyekuwa nyuma akamwambia asogee, na Achol akasogea.

Alirudi juu, polepole, akitafuta mahali walipomsahau. Chini kabisa wote walikuwa wanalia, na kilio kilikuwa cha kweli, aliwajua. Juu kabisa walikuwa wanacheka, na kicheko nacho kilikuwa cha kweli. Katikati alitafuta mtu aliyesema, sasa tumwache. Hakumwona. Aliona tu kwamba siku moja mmoja aliuliza kama Wal ameshapanda gari, akaongeza neno dogo la kuchekesha ili mioyo ipoe. Kesho yake yakawa mawili. Kisha picha. Kisha ikafika siku ambayo hakuna aliyeuliza kuhusu Wal, na hakuna aliyeona kwamba hajaulizwa.

Simu ikatetemeka. "Nani ameingiza Mama Kon?" Neno likakaa kidogo, likafutwa.

Agot alimkuta bado foleni. Alikuja mbio, kanga imeshikwa mkononi, akasimama mbele yake asijue aweke wapi macho.

"Nilitaka Wal aje," Agot alisema.

"Najua."

"Tuliogopa maziwa yako, Mama Kon."

"Mlikuwa mnacheka," Achol alisema. "Mimi nikadhani ni kwa sababu naringa."

Agot akaketi chini mavumbini pale pale, akalia, na watu wa foleni wakawazunguka kwa mbali.

Msiba uliwekwa siku hiyo hiyo. Wanawake walijaa mkekani, Akidor akaja na maziwa ya mbuzi kwenye chupa ya soda, akamshika Kon kama alivyoahidi miezi mingi nyuma. Lakini maziwa ya Achol hayakukatika. Yalimwagika tu, yakalowesha gauni, na Kon akanyonya akashiba akalala. Achol alimtazama akaona kwamba kile walichokiogopa wote hakikuwepo.

Baada ya matanga walianza kutoka Sisi Wenyewe kimya kimya. Simu ilitaja kila mmoja: Akidor ametoka, Agot ametoka. Wa mwisho alikuwa Nelly. Alimwandikia pembeni kwamba wameona haya kukaa pale, kwamba wamefungua kingine, na yeye ataingizwa mara tu atakapopumzika.

Alinunua kredo ili afungue ile picha iliyokuwa chini ya maneno ya Agot. Ilishuka mstari kwa mstari: kwanza anga, kisha mti wa msalaba, kisha mawe. Picha nyingine ya Madut hakuwa nayo, alikuwa amezifuta.

Siku moja alijaribu kutoka na yeye. Simu ikamwambia kwamba yeye ndiye mwanachama wa mwisho, na akitoka, kikundi kitafutika na vyote vilivyomo. Ana hakika? Alikaa na lile swali mpaka taa ya simu ikazimika, akaiwasha tena, akabonyeza hapana.