Daktari wa Molise na Mguu wa Cucu

Ramani ile ilinuka gundi na mkojo wa panya, na Mwalimu Gichuki alipoikunjua mbele ya darasa siku ya kwanza ya muhula wa pili, sisi wa darasa la sita tuliziba pua. Ilikuwa imekaa miaka mingi katika stoo ya parokia, ndani ya sanduku lililoachwa na wageni Waitaliano. Shule yetu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Endarasha, haikuwa na ramani ya Kenya, wala ya Nyeri. Ilikuwa na ya Molise. Ukiniuliza leo Molise ni nini, nitakujibu bila kufikiri, na hilo ndilo linaloniudhi: ni mkoa wa pili kwa udogo kati ya mikoa ishirini ya Italia, una milima ya Matese upande mmoja na kipande kifupi cha pwani upande wa pili, na mto wake mkuu unaitwa Biferno. Niliujua mto Biferno kabla sijajua maji ya bomba letu yalitoka kilima kipi.

Mwalimu Gichuki hakuwa mtu wa kutupa kitu. Alimwomba padre amtafsirie maandishi yaliyokuwa pembeni mwa ramani, kisha akatufundisha muhula mzima, huku baridi ya kwetu Kieni ikipenya mbao za darasa na sisi tukiandika kwa vidole vilivyokufa ganzi. Tukajua kwamba kila kijiji cha Molise kina meya na baraza lake, na mkoa una rais wake. Tukajua ngano, zeituni na jibini. Tukajua wachungaji wa zamani walivyoshusha kondoo kutoka milimani kila baridi ilipoanza, kwa njia pana za nyasi zilizotengwa kwa mifugo, na hapo tulicheka, kwa sababu kondoo wa kwetu walipita katikati ya viazi vya watu na kuleta kesi kwa chifu. Halafu tukafika kwenye afya. Huko, Mwalimu alisema, kila mtu ameandikishwa kwa daktari wake mwenyewe, na asiyeweza kutembea, daktari humfuata nyumbani. Zahanati yetu ilikuwa na nesi mmoja, na foleni yake ilianza kabla ng'ombe hawajakamuliwa. Ili tuelewe, Mwalimu akatupa zoezi: kila mmoja wetu awe daktari wa Molise na aandike majina ya wagonjwa wake kumi. Mimi niliandika jina la Cucu, nyanya yangu, kwanza, maana ndilo jina langu pia.

Sasa, ili uelewe upuuzi uliofuata, lazima uwajue watu wetu na ugonjwa wao wa kuandikwa. Kwetu mtu akishaandikwa, amesaidiwa. Tumeandikwa kwa ajili ya miche, tumeandikwa kwa ajili ya maji, tumeandikwa kwa ajili ya mahindi ya msaada, na kila mara watu hurudi nyumbani wakiwa na nyuso za walioshiba. Hakuna anayeuliza orodha imepelekwa wapi. Jina likishakaa kwenye karatasi, mengine ni kungoja, na ukithubutu kuuliza unaambiwa haraka haraka haina baraka.

Cucu aliishi katika nyumba yake ndogo ya mbao hapo hapo bomani kwetu, mama mzazi wa baba, mwanamke mkali aliyelima mpaka uzeeni na hakuwahi kulala hospitali hata siku moja. Jioni ya siku ya zoezi lile nilimkuta akimenya viazi nikaanza kujigamba. Nilimweleza habari za daktari anayekuja nyumbani. Akaniuliza, "Hata kwa mzee kama mimi?" Nikamwambia hata kwake, jina lake nimeliandika mwenyewe, tena la kwanza, na Mwalimu amelitia alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Sikusema uongo. Ila sikutaja Italia, kwa sababu alikuwa akinitazama kwa fahari, na mimi nilikuwa mtoto wa sita katika nyumba ambamo hakuna aliyenitazama hivyo.

Wiki mbili baadaye alijikata mguu kwa jembe akivuna viazi. Jeraha lilikuwa dogo kama punje ya hindi, lakini halikupona. Baba akasema ampeleke Nyeri mjini. Cucu akakataa, akasema, "Niliandikwa. Daktari wangu anakuja." Baba akauliza ni nani aliyeandika, akaambiwa ni watu wa shule, basi akatulia! Mtu mzima, mwenye watoto sita, akatulia kwa kuwa ameambiwa kuna orodha. Mama naye akatulia. Na mimi, niliyekuwa na orodha yenyewe ndani ya mkoba, nikala ugali wangu nikanyamaza. Kila siku nilipotoka shuleni nilijiambia nitasema leo. Kila siku nilimkuta ameketi mlangoni, mguu umefungwa kitambaa, akitazama barabarani, nami nikampita kwenda kuweka mkoba. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Wiki ya tatu mama alifungua kile kitambaa ili akifue, harufu ikajaa nyumba, na hakuna aliyemuuliza Cucu anataka nini. Hospitalini Nyeri, alikopelekwa siku hiyo hiyo, waligundua alikuwa na ugonjwa wa sukari miaka mingi bila kujua. Daktari alimuuliza baba, "Na huyu mama mlikuwa mnangoja nini?" Mguu ulikatwa chini ya goti.

Nilikuwa nimeshaolewa nilipopata ujasiri wa kumwambia. Nilimweleza yote, ramani, zoezi, kalamu nyekundu. Alinisikiliza akitafuna mdomo wake usio na meno, kisha akasema, "Wajina wangu, nilijua. Daktari gani angepanda matope yale? Niliogopa kukatwa, nikashika lile neno lako." Nililia kwa hasira. Miaka yote ile nilibeba mzigo, kumbe tuliubeba wawili, kila mmoja akimficha mwenzake, na mguu umeenda.

Leo tuna gavana wetu na bunge la kaunti, na afya iko mikononi mwao. Barabara ya Endarasha ina lami, zahanati imepakwa rangi. Vijiji vya Molise nasikia vinabaki na wazee, vijana wameondoka, kama kwetu tu. Lakini ule ugonjwa wa kuandikwa haujapona, umehamia kwenye simu. Mwezi uliopita mama alianza kulalamika kwamba kidole cha mguu kinamuuma na kimebadilika rangi. Mimi nilikuwa dukani kwangu Nyeri. Nilipomuuliza kwa simu kwa nini hajaenda kupimwa, akanijibu kwa utulivu ule ule wa baba, ati amesajiliwa, ametumiwa ujumbe, ameambiwa atapigiwa. Sikubishana naye. Nilifunga duka, nikakodi gari mpaka mlangoni pake, nikapiga magoti mbele yake nikamvisha viatu, vyote viwili.