Binti Yangu kwenye Mlima wa Mpakani

Binti yangu aliniambia jikoni kwetu, huku ugenini katika mji wa Eagan, tukiwa tumetoka kanisani. Yeye na wenzake watatu wa chuo wangekwenda kwa gari hadi Kanada kupanda mlima ambao mpaka wa majimbo mawili unapita juu ya kilele chake.

"Pale juu, Mama, unaweka mguu mmoja huku na mmoja kule."

Nilicheka ili asione hofu yangu. Mimi mpaka wa majimbo niliuvuka kwa miguu kule Kongo, yeye akiwa mgongoni, mdomo nimemziba kwa kitenge asilie, kwa sababu watu wenye bunduki walikuwa bondeni chini yetu. Hakumbuki. Sijawahi kumsimulia.

Kesho yake, wakati wa mapumziko kazini, nikasoma habari za mlima ule kwenye simu. Wa kwanza kuujaribu walikuja na farasi wa mizigo, wakarudishwa na theluji mara mbili. Mara ya tatu wakafika. Baadaye wakaja wengine, kamba ikakatika, na mmoja wao hajaonekana mpaka leo. Nilijuta kusoma.

Siku ya kupanda akaniandikia alfajiri: "Tunaanza. Saa tisa tutakuwa chini."

Saa tisa ikapita. Saa kumi nayo. Mimi nahudumia wazee, na jioni ile nilikuwa namlisha bibi mmoja supu. Kijiko kikamgonga meno. Mwenzangu Mkenya akachukua bakuli mkononi mwangu.

"Dada, toka kidogo. Mpigie tena."

Nilipiga, nikapiga. Nikaishia kukaa sakafuni kwenye stoo ya mashuka, nikamwambia Mungu maneno ambayo hata leo naona haya kuyarudia.

Saa moja simu ikalia.

"Mama, hatukufika juu." Alikuwa analia, tena kwa Kiswahili, yeye ambaye siku zote hunijibu Kiingereza. Karibu na kilele jiwe lilimvunja mwenzake mkono. Walimshusha kwa kamba, polepole, kutwa nzima. "Niliogopa, Mama. Miguu ilikataa."

"Uko wapi sasa?"

"Hospitali. Mimi mzima."

Aliporudi alilala karibu siku mbili. Siku ya tatu akatandaza kamba sebuleni, akaanza kuikagua kwa vidole. Anasema watajaribu tena kiangazi kijacho, kwa upande wa mashariki. Anangoja nimjibu. Mimi napika, naosha vyombo, namwuliza kama ameshiba.