Mlima Ule Ule, Upande wa Entarara

Wenzangu niliosoma nao Marangu wametawanyika Ulaya na Marekani, na kila Krismasi wananitumia picha za theluji. Mimi ughaibuni kwangu ni Kitengela, ng'ambo ya mpaka tu. Nimeolewa huku, nauza vitenge, na watoto wangu wanaongea Sheng mpaka naomba nitafsiriwe. Kwa miaka mingi sikuona cha kujivunia. Ndipo jirani yangu mwenye agroveti, duka la mbegu na dawa za mifugo, akaamua kunifundisha kutembea.

Jirani huyo ni Mkamba wa Makueni, mwanamke mnene mwenye pumzi za punda, na siku ya mapumziko hakai nyumbani hata umfunge kamba. Tulianza na vilima vya Ngong, ambako upepo ulininyang'anya kilemba. Siku nyingine tukaenda Oltepesi, tukaupanda mlima Olorgesailie kabla jua halijawa kali. Kule juu nikaliona Bonde la Ufa limetandazwa chini yangu, kahawia na buluu hadi macho yanapokoma. Nilikuwa nikidhani kaunti yetu ya Kajiado ni vumbi, saruji na nyama choma tu, kumbe uzuri wote ule ulikuwa hapo, na mimi nimeinamia vitambaa.

Lakini matembezi yangu yalikuwa na shabaha, na shabaha hiyo ilikuwa mama. Tangu baba afariki mama anaishi peke yake Marangu, na mwaka jana aliteleza mgombani akalala chini asubuhi nzima hadi jirani alipopita. Mimi ndiye mtoto wake pekee. Nilimsihi aje tuishi naye Kitengela, akakataa.

"Nitaamka nielekee wapi?" aliniuliza kwenye simu.

Mtu asiye wa kwetu angeona ni ukaidi wa uzee. Kwetu kilele cha Kibo si mandhari. Wazee waliomba wakiuelekea mlima, na mgeni wa heshima aliketishwa upande wake. Kitengela mlima unaonekana kwa kubahatisha, mvua ikisafisha anga, nao ni mdogo kama kifuniko cha sufuria. Kwa hiyo nikawa natafuta mahali upande huu wa mpaka ambapo mama angefungua mlango na kuukuta umesimama mbele yake. Nisingemwacha aanguke tena bila mtu.

Jirani akanipeleka Entarara, karibu na Loitokitok. Tulipita katikati ya mashamba ya nyanya na vitunguu, maji ya mifereji yakikimbia kandokando ya njia, na mbele yetu mlima mzima, bila wingu. Kibo kulia, Mawenzi kushoto. Nyumbani ni kinyume chake. Ilikuwa kama kumwona mama kwenye kioo. Nilicheka peke yangu, kisha machozi yakanitoka.

Tulipanda hadi ukingo wa msitu, na wakati wa kuteremka tukakutana na akina mama wawili wa Kimaasai waliokuwa wakiswaga punda wa maji. Nikangoja. Kwetu anayeshuka kutoka upande wa mlima ndiye husalimiwa kwanza, maana anatoka kwenye baraka. Nao wakangoja mgeni aanze. Tukapishana kimya.

"Wewe!" jirani akanikaripia. "Unapita watu kama ng'ombe? Huku mgeni ndio husalimia. Watasema uko na maringo."

Aibu ilinishika. Bibi wa kwanza niliyemwona baada ya hapo, aliyekuwa akipalilia vitunguu, nikampigia kelele kutoka mbali salamu ya Kimaasai, "Takwenya!"

Akaegemea jembe akacheka. "Mimi ni Mkikuyu wa Nyeri, lakini sawa, iko!" akaitikia. "Kujeni mkunywe chai."

Shosho huyo, maana ndivyo bibi anavyoitwa huku, alitupa chai na viazi vitamu, na nilipomwambia nilikotoka, akaupungia mlima mkono kana kwamba ni wake. "Nyinyi watu wa Tanzania mko na mgongo. Uso uko hapa kwetu." Nilibisha mpaka chai ikapoa. Jirani alitusikiliza akitikisa kichwa. Nikaeleza basi habari za mama. Shosho akaacha utani, akatuonyesha nyumba ya vyumba viwili uani, ambayo wanawe waliihama zamani. Mlango wake uliitazama Kibo moja kwa moja.

"Mwambie akuje," akasema. "Mimi pia ni mjane, niko peke yangu."

Mama akaja. Aliuzunguka mlima kupitia Tarakea, akashuka Loitokitok amevaa kitenge nilichomtumia, amejifunga mkanda tayari kukosoa kila kitu. Hakukosoa. Alishika udongo wa Entarara, akaunusa, akamuuliza shosho kuhusu samadi, na kabla ya jioni wale wajane wawili walikuwa wakinisema mimi na unene wangu. Niliwatazama nikasema moyoni, nimeshinda.

Asubuhi mawingu yakafunguka. Mama alisimama kwenye mlango wa ile nyumba, shali mabegani, akatazama muda mrefu. Theluji ilianza kushika rangi ya jua.

"Ni mzuri," akasema. "Haki ya Mungu, upande huu ni mzuri kuliko kwetu."

Shosho akanikonyeza. Mimi nilikwishaanza kupanga kitanda kikae wapi. Mama akanishika mkono, akanivuta karibu.

"Baba yako tulimlaza kaburini anautazama kutoka kwetu," akasema polepole. "Nikikaa hapa, tutakuwa tunatazamana mimi na yeye, na mlima uko katikati."

Nikaacha kupanga kitanda. Niliumia, na papo hapo nikampenda kuliko siku zote. Shosho alikuwa amesikia. Aliingia ghalani, akatoka na gunia dogo, akaanza kumchagulia mama vitunguu vya kurudi navyo Marangu.