Riba ya Miezi Minane

Nilipata sifuri ya Hisabati kidato cha nne, nikaolewa, nikafungua kibanda cha kushona nguo Kitangari. Miaka kumi na minane baadaye nikataka kusomea ualimu. Chuo kilidai ufaulu wa Hisabati, basi nikajiandikisha kurudia mtihani. Mwalimu wangu akawa binti yangu wa kidato cha tatu.

Tulisoma jioni, tukishateka maji na kupika. Mengine niliyamudu, ila riba ilinishinda. Siku moja aliniandikia swali: mtu ameweka benki shilingi laki nne, riba asilimia tisa kwa mwaka. Baada ya miezi minane atapata riba kiasi gani?

Nikazidisha, nikagawa, nikamwonyesha jibu kwa majivuno: laki mbili na elfu themanini na nane.

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama, benki hiyo iko wapi? Twende tukaweke hata cherehani!"

Nilikasirika, nikafunga daftari. Akaacha kucheka, akaniuliza taratibu, "Mama, kwa mwaka mzima anapata ngapi?"

"Elfu thelathini na sita."

"Na kwa mwezi?"

Nikagawa kwa kumi na mbili. "Elfu tatu."

"Sasa miezi minane?"

Nikafungua tena daftari, nikaona kosa. Nilikuwa nimezidisha kwa nane kana kwamba ni miaka minane! "Elfu ishirini na nne," nikasema, na nikamwomba swali lingine. Usiku ule tulifanya tisa, nikakosa moja tu.

Mtihani niliufanyia Masasi. Nilipoingia chumba cha mtihani, watahiniwa wawili vijana waliinuka. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitika marahaba, nikapita, nikaketi kwenye dawati la nyuma yao. Wakatazamana. Aibu ilinipanda, lakini karatasi zilikuwa zimeshaanza kugawiwa.

Riba ilikuwemo, tena imegeuzwa: mtaji laki tano, asilimia sita kwa mwaka, riba iliyopatikana elfu arobaini na tano. Tafuta muda. Kanuni ikanitoka kichwani. Nikaweka kalamu chini, nikajiuliza kama ambavyo binti yangu angeniuliza: kwa mwaka ngapi? Elfu thelathini. Zimebaki elfu kumi na tano, yaani nusu yake. Mwaka mmoja na nusu! Nilitamani kusimama nipige kigelegele. Badala yake nikaandika jibu, nikalipigia mistari miwili chini yake.

Matokeo yalipotoka nilikuwa napima sketi ya mteja. Binti yangu alikuja mbio, simu mkononi, akihema.

"Mama, Hisabati una C!"

Mteja akashika sketi yake mwenyewe, maana mimi nilikuwa nimeiachia. Nikamwambia binti asome tena. Akasoma.

"Soma tena," nikasema, "safari hii wasikie mpaka barabarani."